Shati Ndani ya Nguzo ya Saba

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, mafundi mliokuja na kofia zenu za kazi mikononi, na wewe mama uliyekaa hapo mbele, mimi ninayesimama kuwasomea maisha ya baba ni mwanawe wa kwanza, na sikupewa kazi hii kwa kuwa najua kusoma kuliko wadogo zangu, nimepewa kwa sababu habari yenyewe inanihusu tangu siku niliyozaliwa. Baba mdogo alishauri juzi kwamba jambo la nguzo ya saba lirukwe, maana marehemu hasemwi ila kwa mema, na nia yake ilikuwa njema, lakini marehemu mwenyewe aliniachia maagizo kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari, kwamba siku ya kumzika nguzo ya saba isomwe yote, na asiyetaka kuisoma akasome historia ya mtu mwingine. Kwa hiyo baba mdogo, nisamehe, nitaisoma. Ninayo pia taarifa moja ambayo baba alinituma nimletee Jumatatu, siku ile ile aliyofariki, nayo sikuwahi kumfikishia, hiyo nitaitoa mwishoni.

Baba yetu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa viti vya kusuka, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba cha mbele kilijaa viti vilivyotoboka makalio, na cha nyuma kilijaa watoto. Alianza shule mwaka 1957 akamaliza mwaka 1963, alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo wote mliowahi kufanya naye kazi mnalijua, maana umri haukumsaidia. Baada ya shule alikaa miaka saba sakafuni kwa babu, miguu ameikunja, akisuka viti, na babu alikuwa na neno moja ambalo baba alilirudia mpaka tukalichoka, kwamba kiti hakikusemeshi siku unayokisuka, kitakusemesha siku mtu atakapokikalia.

Tarehe 3 Februari 1971 aliajiriwa kwenye ujenzi wa daraja la barabara kuu, hili hili linalovuka bonde upande wa mashariki, ambalo leo tunalipita kwa dakika moja na nusu bila hata kuangalia chini, lakini wakati ule barabara ilikuwa inafika ukingoni mwa bonde inakatika, na upande wa pili inaanza tena, katikati hakuna kitu ila majani, kijito na alama za wapimaji. Zilihitajika nguzo kumi na nne, ndefu kuliko zote ikiwa na mita arobaini na moja. Msimamizi alimpa koleo na waya, akamwambia afunge nondo mbili aone, alipoona fundo akamwuliza amejifunza wapi, baba akajibu kwamba kwenye viti, wakamcheka wiki nzima na kumwita Fundi Makalio, lakini mwezi haukuisha kabla hajawekwa kuwaongoza wasuka nondo sita. Alituhadithia siku zile mara nyingi sana, mlio wa nyundo asubuhi kabla jua halijapata nguvu, chai katika kopo lenye vumbi la saruji, upepo wa juu unaotaka kukuvua kofia, na jinsi ambavyo kutoka kichwa cha nguzo aliweza kuona paa la chumba alichopanga na kamba ya nguo nyuma yake. Alikuwa anasema kwamba hajawahi kuwa maskini kama wakati ule, wala hajawahi kuamka na hamu ya kazi kama wakati ule.

Mama alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa kwenye kona ambayo wafanyakazi wote wa daraja waliipita, huko ndiko zilikoletwa suruali zilizochanwa na nondo. Suruali za baba zilichanika kuliko za wenzake wote, na ilikuja kujulikana baadaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, kwamba nyingine alizisaidia kuchanika. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Septemba 1972. Mama alimshonea shati la tetroni, rangi ya maziwa, lenye mistari ya kijani, vifungo sita, na kifungo cha mwisho alikishona kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe ulimwishia, akisema atakirekebisha. Alimpa shati hilo kwa sharti moja tu, lisiende kazini.

Sasa nafika kwenye tarehe 22 Agosti 1973, siku ya Jumatano, nanyi ambao si mafundi nitawaeleza kama alivyonieleza. Kila nguzo ilikuwa na tundu kichwani, upana wa kiganja, ambalo ni mdomo wa bomba linaloshuka ndani ya zege mpaka mguuni, ili maji ya mvua yanayopenya kwenye viungo vya barabara yapate njia ya kutoka. Kabla ya kumwaga zege tundu hilo lilizibwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, na karatasi zilifungwa waya wenye mkia mrefu unaosimama juu, ili zege likianza kukaza mtu auvute mkia, kizibo kitoke, tundu libaki wazi. Kuziba ilikuwa kazi ya baba. Asubuhi ile, juu ya nguzo ya saba, upepo ulichukua karatasi zote zikaenda bondeni, na zege lilikuwa tayari linapanda. Baba alikuwa amevaa lile shati la tetroni, kwa kuwa mama alikuwa mzito, nguo nyingine zote zilikuwa chafu, na aliamini hatajulikana. Alilivua, akalikunja, akalisokomeza ndani ya tundu, akachukua waya alifunge mkia, na hapo hapo akasikia jina lake likiitwa kutoka chini, kwamba mkewe amepelekwa hospitali. Alitupa waya akashuka ngazi kifua wazi, mita thelathini na nne, na saa nane na robo mchana nikazaliwa mimi, kwa hiyo naomba radhi kwa wote mnaotumia barabara ile.

Aliporudi kazini Jumamosi alikuta kichwa cha nguzo kimesawazishwa laini kama sahani, tundu halionekani. Mwenzake alimwambia kwamba hawakuona mkia wowote, wakasawazisha bila kulikumbuka tundu. Mwezi ule msimamizi alikuwa amewafukuza watu wawili kwa makosa madogo kuliko hilo, na baba alikuwa na mtoto wa siku tatu. Alipanga kusema Jumatatu, Jumatatu akapanga Jumanne, na kesho zikafuatana mpaka barabara ikalazwa juu ya nguzo na hapakuwa tena na pa kuchokonoa. Siku ya ukaguzi wakaguzi walimwaga ndoo ya maji kwenye nguzo ya kwanza, ya tano na ya kumi, yakatoka chini vizuri, wakaandika kwamba zote ni salama. Aliniambia kwamba walipoipita ya saba alishusha pumzi, na kwamba pumzi ile ndiyo aliyoionea haya maisha yake yote, kuliko hata shati. Daraja lilifunguliwa Jumamosi tarehe 12 Aprili 1975, akapigwa picha na wenzake, na katika picha hiyo, iliyopo pale mezani, ni yeye peke yake asiyecheka.

Huku nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Mama, aliyekuwa na kichanga kifuani na mishono bado inauma, aliuliza shati liko wapi, baba akajibu kwamba limepotea. Aliyepeleka habari kazini siku ile alikuwa mama muuza maziwa wa mtaa wetu, naye kwa wema wake na kwa mdomo wake usio na breki alimwambia mama kwamba mumeo ameshuka ngazi kifua wazi, na kusema kweli, dada, ana kifua. Mama akaunganisha mawili na mawili, akapata nane. Tangu siku hiyo mpaka mimi nina watoto wa kuwalea, nyumba yetu haikununua maziwa mtaani, tulitembea dakika ishirini kuyafuata kwingine, na baba, ambaye angeweza kujitetea kwa sentensi moja, hakuisema, kwa sababu sentensi hiyo ingeanza na shati na kuishia kwenye nguzo. Alikubali kudhaniwa mume mbaya ili asijulikane kuwa fundi mbaya. Mama, mimi sikusema kwamba alifanya vyema, nasoma tu.

Mungu aliwajalia watoto wanne, mimi mwaka 1973, mdogo wangu fundi umeme mwaka 1976, anayefuata, mwalimu, mwaka 1979, na kitinda mimba wetu, ambaye mpaka leo anatafuta afanye kazi gani, mwaka 1984. Tulilelewa vizuri, na matembezi yetu makubwa yalikuwa haya, kila mvua ikikatika baba alituchukua kwenda chini ya daraja kuangalia mabomba. Tuliimba hesabu tukikimbia kutoka nguzo hadi nguzo, kumi na tatu zinatoa maji, moja kavu, sisi tulifurahi na kukanyaga madimbwi, na mimi ndiye niliyeipa ya saba jina la nguzo iliyonuna. Baba alisimama mbele yake mikono nyuma, akaweka kiganja kwenye zege, na tulipomwuliza imenuna kwa nini alijibu kwamba ina sababu zake. Nikikumbuka harufu ya majani mabichi yale, na sauti ya magari juu yetu yakipita bila kutujua, natamani nirudi japo mara moja, nikamshike mkono nimwambie kwamba najua.

Alijenga mengi mengine, maghala, hospitali mbili, tangi la maji la mji, na kila mahali aliziba matundu kwa mikia miwili ya waya badala ya mmoja, vijana wakamwona mzee wa wasiwasi. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2008. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, baba yeye aliziba, na ukuta ukabomoka hivyo hivyo, maana Jumatano tarehe 5 Mei 2010 kipande cha zege chenye ukubwa wa meza kilibanduka kwenye kichwa cha nguzo ya saba kikaanguka majanini. Hakikumpata mtu yeyote. Maji yaliyokosa njia yalikuwa yamekaa kule juu miaka yote hiyo yakila nondo polepole. Mitaani watu walisema saruji iliibwa, na kwa kinyozi mtu mmoja akasema kwamba mwizi mwenyewe ni yule msimamizi wa zamani, aliyekwisha kufariki na hawezi kujibu. Baba alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Aliinuka akalipa akatoka vile vile.

Jumatatu tarehe 10 Mei aliniomba nimpeleke kwenye ofisi za ukarabati, amevaa suti nyeusi na amebeba mfuko mdogo, hakuniambia anakwendea nini. Nilimsubiri kwenye gari kwa saa mbili. Mhandisi mkuu, ambaye yupo hapa nasi leo, na ambaye alizaliwa miaka minane baada ya kosa lenyewe, ndiye aliyetusimulia yaliyotokea humo ndani, kwamba mzee asiyemjua aliingia, akakataa kiti, akaomba karatasi, akachora kichwa cha nguzo, akaweka nukta, akasema, "Maji yanaingilia hapa, mama, na aliyeyazibia ni mimi, yule marehemu msimwonee." Wataalamu walikuwa wamepima siku tano bila kujua maji yanakwama wapi. Mhandisi alipouliza mfuko ni wa nini, baba aliufungua, ndani mlikuwa na sabuni, mswaki, sweta na vidonge vyake vya presha, kwa sababu alijua anakwenda kufungwa. Mhandisi anasema alilazimika kwenda dirishani kidogo. Baba alitoka na mfuko wake mkono mmoja na kofia ya kazi mkono wa pili, akaingia kwenye gari, akasema, "Wamenipa kazi," kisha akalia mpaka nyumbani, na mimi nililia pia bila kujua ninalia nini.

Ukarabati ulichukua miaka miwili. Michoro ya zamani ilikuwa imeozea stoo, kampuni iliyojenga ilishakunja virago, na baba alikuwa michoro, alikumbuka kila nguzo ina nondo za unene gani, zimeachana kiasi gani, zimeungwa wapi. Vijana walimpa jina la Mzee Saba, na alilipokea jina hilo kama adhabu na kama cheo. Siku ya kubadilisha mito ya mpira inayobeba barabara, daraja lilinyanyuliwa kwa jeki milimita nane, magari yakiendelea kupita upande wa pili, na yeye alisimama kiganja kimegusa zege kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto. Zege lililooza lilichokolewa, nondo zilizoliwa zikakatwa, mpya zikaletwa, na fundo la kwanza likaachiwa vidole vyake vilivyokwisha kupinda.

Jumanne tarehe 18 Januari 2011 walifikia tundu, wakatoa kitu kilichokunjwa, kigumu kama ubao. Baba alikileta nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, akakiweka kwenye meza ya cherehani, akasimama kama mtoto aliyevunja bakuli. Mama alivaa miwani, akakikwangua kwa kucha mpaka akafika kwenye kifungo cha mwisho, uzi wa bluu, baba akamweleza yote. Kisha mama akasema, na haya nimeruhusiwa kuyasoma, "Kumbe miaka thelathini na saba nimemnunia mwanamke ambaye ni bomba." Alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha kucheka, akamwuliza kwa nini hakumwamini yeye hata siku moja. Asubuhi iliyofuata mama alikwenda na chupa tupu kwa mama muuza maziwa kuomba radhi, naye aliyeketi pale mstari wa tatu ni shahidi, alimjazia chupa, akakataa malipo, akasema kwamba kifua lakini alikuwa nacho.

Ukarabati ulikamilika tarehe 28 Juni 2012, na mvua ya kwanza iliponyesha tulikwenda wote, watu wazima sasa, na wajukuu, tukahesabu tena, kumi na nne, hakuna iliyonuna. Tangu hapo kila mvua alikwenda kuangalia, na miguu ilipochoka alinituma mimi. Taarifa ya simu hakuitaka, alisema simu haina macho, ilikuwa lazima nirudi nisimame mbele yake, na kabla sijafungua mdomo aliangalia viatu vyangu. Siku moja, kwa uvivu, nilikaa nyumbani kwangu nikaja kumwambia kwamba maji yanatoka, akatazama viatu vikavu, akatazama uso wangu, akasema, "Hivyo ndivyo nilivyoanza mimi." Sikurudia.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2020, vumbi la saruji la miaka arobaini lilikuja kudai nafasi yake, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho mwezi Februari mwaka huu, na tarehe 3 Machi aliomba arudi nyumbani, kwenye chumba chenye dirisha la mashariki. Alitaka azikwe na lile shati, mama akakataa, akasema mume wake haendi na tambara, atakwenda na suti aliyovaa siku aliyosema kweli, ila kifungo cha juu cha suti hiyo mama alikitoa, akashona kile cha tetroni, kwa uzi wa bluu. Jumatatu tarehe 17 Aprili 2023, saa nane mchana, mvua kubwa ilinyesha, akafungua macho akanitazama tu, nami nikachukua funguo za gari nikinung'unika, Mungu anisamehe. Mama alikuwa ameshika mkono wake. Alifariki saa kumi na dakika kumi jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mwezi mmoja na siku tatu, na mimi niliingia mlangoni saa kumi na nusu. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na vitukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomvumilia akiwakagulia nyufa za dari, tunawashukuru majirani kwa viti, kwa chakula na kwa usiku mliokesha nasi, na kwa namna ya pekee mama muuza maziwa, tunamshukuru mhandisi na mafundi wote wa daraja, mliomrudishia kazi yake akaimalizia. Baba mdogo, nawe tunakushukuru, umekaa ukasikiliza mpaka mwisho.

Imebaki taarifa yangu. Baba, nilifika, nilishuka mpaka chini, nilihesabu zote kumi na nne, sikukaa kwenye gari. Viatu ni hivi nilivyovaa, mama ameniomba tangu jana nivifute kwa heshima ya wageni, nimekataa, matope ni yale yale ya Jumatatu. Nguzo ya saba inatoa maji, baba. Pumzika kwa amani.